Kucha Mia na Ishirini Mugango

Jumatatu, 14 Julai

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Asubuhi Dada Lukresia ametuita mimi na Recho kabla hatujafagia. Dada Lukresia ndiye mwenye saluni. Akikuita kabla ya kufagia, kuna jambo.

Jambo lenyewe: anafungua tawi Bunda, jirani na stendi, tarehe mosi Agosti. Anataka mmoja wetu akalisimamie. Bunda! Nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha mteja. Mke wangu Grace na watoto wako Bunda. Mimi huu ni mwaka wa sita niko Musoma, chumba kimoja pale Nyasho, nyumbani naenda Jumapili na kurudi Jumapili hiyo hiyo. Mwanangu Prudence akiniona getini anakimbilia ndani kuniletea kiti cha wageni. Anakifuta vumbi kabisa. Kile kiti kinaniuma, hajui tu.

Halafu likaja la pili. Zimefika chupa mia na ishirini za rangi ya jeli kutoka Mwanza. Ubao wetu wa zamani una rangi thelathini, zote zimepauka. Mteja anachagua nyekundu, anapakwa nyekundu, anasema hii siyo. Kwa hiyo tutengeneze sampuli mpya. Kila rangi ipakwe kwenye kucha yake ya bandia, iandikwe namba ya chupa, ibandikwe kwenye ubao. Recho namba moja mpaka sitini. Mimi sitini na moja mpaka mia na ishirini. Mwisho Ijumaa mchana. Dada Lukresia ataangalia kazi, halafu atasema nani anakwenda Bunda.

Nimepiga hesabu. Mkono mmoja wa rangi ya kushikia, mikono miwili ya rangi yenyewe, mmoja wa kung'arisha. Kila mkono dakika moja ndani ya mashine ya taa, maana jeli haikauki kwa kupuliziwa mdomo. Mashine inaingiza kucha tano kwa mpigo. Kucha sitini ni kazi ya saa moja na nusu, kwa mtu asiye na mawazo.

Mimi nina mawazo.

Huyu Recho ana miaka miwili hapa. Alisomea Mwanza, cheti chake kiko ukutani kwenye fremu. Mchana alinifuata nikila. Akasema yeye Bunda haitaki, mama yake anaumwa hapa Kitaji na hana wa kumwachia, mimi ndiye nina familia kule. Tufanye kila mtu zake, tumalize, niende. Akaniambia hata nianze mimi kutumia mashine. Hm! Mtu hakuachii kitu hivi hivi. Huu ni mtego. Nilimshukuru kwa meno yote, na hapo hapo nikaamua nitatengeneza zote mia na ishirini, tuone nani mkubwa.

Jioni alikuja Mwalimu Naomi kutolewa kucha za zamani. Anafundisha fizikia sekondari, Butiama. Sendofu yake, sherehe ya kuagwa kwao, ni Jumamosi hii. Aliniona naigongagonga mashine, akanieleza. Kumbe hakuna uchawi mle ndani. Ile miale ndiyo hiyo hiyo ya jua. Ni jua dogo tu, alisema, limewekwa kwenye boksi.

Niliacha kusugua. Jua dogo kwenye boksi, dakika moja, kucha tano! Na jua kubwa liko nje bure, linaanika dagaa gunia kwa gunia pwani yote ya Mugango!

Jumanne, 15 Julai

Recho amemaliza. Amezifanya katikati ya wateja, tano tano, bila jasho. Saa nane mchana ubao wake uko tayari. Kucha sitini zimepangwa kama madawati ya mtihani. Kawaida! Nilimuuliza kama haongezi kitu chochote. Akasema sampuli ni sampuli, mteja aone atakachopata. Ndiyo hao wenye vyeti.

Nimeomba ruhusa. Nimemwambia Dada Lukresia kwamba Shangazi Eufrasia wa Mugango anaumwa. Mungu anisamehe, Shangazi hajawahi kuumwa tangu nizaliwe. Dada Lukresia aliniangalia muda mrefu. Akaniuliza sampuli je. Nikasema nakwenda nazo. Akaniuliza na mashine je. Nikasema mashine sihitaji. Akasema haya.

Sikulipenda lile haya.

Nimefungasha chupa zote mia na ishirini kwenye kikapu, na kucha za bandia pakiti nzima. Kikapu kizito! Bega la kulia limekufa ganzi kabla sijafika kwenye kona.

Jumatano, 16 Julai. Mugango.

Naandika nimelala kifudifudi, mgongo hautaki kuguswa na kitu. Nieleze taratibu.

Nimefika asubuhi, Shangazi yuko kwenye vichanja vyake, anaanika dagaa. Mzima kama chuma. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu: naomba kichanja kimoja, siku moja. Aliacha kazi akanitazama. Akasema, "Wewe nilikuwaga nakubeba mgongoni, leo umekuja kunianikia kucha?" Nikamweleza habari za jua na boksi. Akasema hizo ni habari za watu walioshiba. Mwishoni alikubali nusu kichanja, kwa sharti nigeuze dagaa wake wote kwanza.

Dagaa wanageuzwa kwa kuinama. Wengine hawajui hilo, mimi sasa najua.

Saa nne nikaanza. Kucha mia na ishirini, mistari kumi, juu ya wavu. Chupa zote nimezipanga chini mbele yangu, zote ziko wazi. Nani ana muda wa kufungua na kufunga vifuniko mia na ishirini mara mbili? Huo nao ni ubunifu. Recho anafungua moja, anafunga moja, maisha yanakwisha.

Mkono wa kushikia: ukakauka! Mkono wa kwanza wa rangi: ukakauka! Nilitaka kumpigia simu Mwalimu Naomi nimwambie fizikia yake iko sawa. Nilisimama kidogo nikaangalia ziwa, nikajiona niko Bunda, nina meza yangu, natembea kwa miguu kwenda kula nyumbani mchana.

Nikapaka mkono wa pili wa rangi. Ndipo nikaona kuna akina mama wanane wamesimama nyuma yangu, kimya.

Mmoja aliniuliza kucha za nani. Nikasema za saluni. Akauliza hao watu wa saluni wako wapi sasa. Nikasema si za watu, ni za bandia. Akauliza kama si za watu mbona zina namba. Mwingine akaanza kusali Salamu Maria kwa sauti. Shangazi alijifanya anafunga magunia. Hakunijua kabisa!

Ikabidi aje mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Masanja. Mtu mstaarabu, ila anapenda maandishi. Alisema hawezi kuruhusu kucha mia na ishirini zilale juani kwenye eneo lake bila maelezo. Tukaenda kwake. Nikapewa kalamu na karatasi ya daftari. Nimeandika hivi: Mimi Gody, mpaka rangi wa saluni, natamka kwa akili timamu kwamba kucha hizi hazijawahi kuwa kwenye kidole cha mtu yeyote, aliye hai wala aliyefariki. Akasoma. Akasema niongeze na vidole vya miguu. Nikaongeza. Akasema muhuri anao mtendaji wa kijiji, na mtendaji ameenda Bugwema kwenye msiba, tumsubiri. Tulimsubiri saa mbili nzima, tukala mihogo, ndipo Bwana Masanja akaamua saini yake inatosha.

Narudi vichanjani, upepo wa ziwa umeshaamka. Akina mama wanakung'uta nyavu. Magamba ya dagaa yanaruka kila upande, yanang'aa. Na kivuli cha kibanda kilikuwa kimezifunika kucha zangu tangu tulipoondoka, zote zilikuwa bado na rangi mbichi.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini hakuzifunika. Akasema yeye amefunika dagaa, za kwangu hakujua upande wa kufunika ni upi.

Alhamisi, 17 Julai

Bado Mugango. Mgongo vilevile.

Mabaya kwanza. Chupa kumi na moja zimekuwa mawe. Zile zilizokuwa mbali na kivuli cha kibanda. Kumbe jua halichagui, linakausha kucha na linakausha chupa iliyo wazi. Nilivuta brashi ya namba themanini na nane, chupa nzima ikainuka nayo. Nikaitikisa. Kimya. Nikaigonga kwenye jiwe, jiwe likamenyeka.

Nilikaa chini nikamfikiria Grace. Sikulia. Jicho liliingiwa na gamba.

Sasa mazuri. Nimezipaka mkono wa kung'arisha hivyo hivyo, na magamba yake. Kuyatoa haiwezekani, yameshikana na rangi. Zilipokauka nikazitazama. Jamani! Zinang'aa! Fedha ndogondogo ndani ya rangi, kila kucha na yake. Na hiyo themanini na nane, ambayo ni kijani inayokaribia bluu, imekuwa ziwa lenyewe kabla ya mvua. Hakuna saluni Mara nzima yenye kitu hiki. Recho na madawati yake ya mtihani!

Harufu ipo. Nimeziosha kwa sabuni ya unga. Nimezisugua na ndimu. Nimezipulizia marashi ya Shangazi ya kanisani. Sasa zinanuka dagaa aliyejiandaa kwenda harusini. Itaisha yenyewe.

Chupa kumi na moja nimezipanga mstari wa nyuma kabisa ndani ya boksi. Nani anafika mstari wa nyuma?

Ijumaa, 18 Julai

Ushindi! Ushindi mkubwa! Ngoja nipumue.

Mchana Dada Lukresia alisimamisha mbao mbili ukutani. Ya Recho sitini, ya kwangu mia na ishirini. Akauliza ule mng'ao ni nini. Nikasema ni teknolojia. Akauliza harufu je. Nikasema ni mashine ikipata joto. Akanikumbusha kwamba mashine sikwenda nayo. Nikakohoa.

Recho alisogea karibu na ubao wangu, akainama, akanusa, akaniangalia. Wivu.

Wakati huo huo akaingia Mwalimu Naomi na wanawake sita wa kamati yake ya sendofu, wamekuja kuchagua rangi. Ubao wa Recho waliupita kama wanapita ukuta. Wakaganda kwangu. Mwalimu Naomi akaweka kidole juu ya themanini na nane, akasema hii, hii hii, hata nikipewa ya dhahabu siitaki. Kamati yote ikapiga kigelegele. Wote wanataka hiyo hiyo. Bibi harusi na watu sita, kesho asubuhi, na mimi niende nao mpaka Butiama, ikitokea kucha imekwaruzika niirekebishe.

Dada Lukresia alinipiga begani. Kwa miaka sita hajawahi kunipiga begani. Nilimpigia Grace hapo hapo. Nikamwambia aanze kupanga, aondoe magunia kwenye kile chumba kidogo, narudi nyumbani. Akaniuliza kama kweli. Nikasema kweli. Nikamsikia anamwambia Prudence, na Prudence anapiga kelele.

Baada ya kukata simu ndipo nilipokumbuka kwamba chupa ya themanini na nane ni jiwe.

Kuna paka wa duka la jirani amekuja kukaa chini ya ubao wangu. Nimemfukuza mara nne. Anarudi na wenzake.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui nianzie wapi. Mikono inanuka.

Alfajiri nimechanganya kijani ya sabini na mbili na bluu ya tisini. Ikatoka rangi inayofanana na themanini na nane ukiwa na haraka. Magamba nilimwagiza Shangazi tangu jana. Akaniletea kwa bodaboda mfuko mzima wa dagaa, na ujumbe kwamba kama ni mboga ningesema mapema. Nikajifungia stoo, nakwangua dagaa mmoja mmoja kwa tupa ya kucha. Recho aligonga mlango akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia asinisumbue nachanganya dawa.

Nilipaka kucha sabini. Sabini! Safari hii na mashine, maana wateja huwezi kuwaanika kwenye kichanja. Zilitoka nzuri, nasema kweli. Mwalimu Naomi alizinusa akakunja uso. Nikasema harufu inaondoka baada ya saa tatu. Yeye mwalimu wa fizikia, si wa kemia. Akaniamini.

Butiama saa tisa. Mahema, viti vimevikwa vitambaa, mshereheshaji ana koti linalometameta. Wakwe wanatoka Bukima, watu wa ziwa, wamevaa sare ya kitenge. Mimi nimekaa nyuma na kikapu changu, nahesabu masaa.

Tatizo la kwanza ni chakula. Watu walinawa kwa maji ya moto, wakala pilau kwa mkono. Jeli yenye magamba haishiki vizuri, sasa najua. Kucha zilianza kunyanyuka moja moja. Mweka hazina wa kamati alikuta rangi ya kucha nzima kwenye pilau yake, akaitazama, akaiweka pembeni ya sahani akidhani ni jani la kiungo.

Tatizo la pili ni keki. Bibi harusi humlisha mama mkwe keki kwa mkono wake, mbele za watu wote, muziki ukipigwa. Mwalimu Naomi alipiga magoti, akanyanyua kipande, akakipeleka kinywani kwa mama wa Dennis, mume mtarajiwa. Yule mama akafungua kinywa. Akakifunga. Akaushika mkono wa Naomi, akaunusa. Muziki ukazimwa. Roho yangu ilinitoka ikakaa kwenye kiti cha jirani.

Mama wa Dennis aliomba kipaza sauti. Akasema wao waliambiwa wanapewa mwalimu, wakaogopa, maana walimu hawashikagi samaki. Akanyanyua mkono wa Naomi juu watu wauone, na gamba moja liling'aa pale kwenye taa. Akasema, "Huyu mtoto ameanika dagaa leo, siku ya sendofu yake! Huyu ni wa kwetu!"

Bukima nzima walisimama wakacheza. Vigelegele! Mama yake Naomi aliangalia chini, na Naomi mwenyewe alizungusha macho taratibu, kiti kwa kiti, mpaka akanipata. Alinitazama kama anayesahihisha mtihani wangu, na hakuna alipoweka alama ya vema.

Jumapili, 20 Julai. Bunda.

Nyumbani. Prudence hakuniletea kiti cha wageni. Alisema mama amemwambia mimi si mgeni tena, nikae kwenye kochi.

Grace ameondoa magunia. Chumba kidogo kimefagiwa, amepiga na msumari wa kutundikia koti langu. Nimetundika koti. Alinipikia kuku, akaniuliza mbona sili. Nikasema nimechoka, na hilo halikuwa uongo.

Narudi Musoma na basi la jioni. Koti nimeliacha pale msumarini.

Jumatatu, 21 Julai

Mwalimu Naomi amepiga simu kabla ya kufagia.

Dada Lukresia alisikiliza kwa muda mrefu, akijibu ndiyo, ndiyo mwalimu, pole mwalimu. Naomi hakudai chochote. Alieleza tu kwamba yeye, ambaye hajawahi kushika samaki mbichi maishani, sasa amepewa kichanja chake Bukima, chenye jina lake, na likizo ya Septemba anasubiriwa akaanike. Mama mkwe ameshawatangazia majirani wote. Akasema hana uwezo wa kuukataa upendo ule. Anaomba tu kujua ukweli, ili ajue anadanganya nini.

Kisha Dada Lukresia akafungua boksi. Akafika mstari wa nyuma.

Akazipanga mezani, chupa kumi na moja. Nilijaribu kusema ni ubovu wa kiwanda. Nikajaribu kusema ni joto la mwaka huu. Paka aliingia akaruka juu ya meza, akalamba ubao wangu kuanzia namba moja.

Hapo ndipo aliponiambia. Aliniambia polepole, na ningependa angefoka. Bunda ilikuwa yangu. Tangu Juni! Recho alimfuata Juni, akamwomba anipeleke mimi kwa ajili ya familia, yeye abaki na mama yake. Dada Lukresia akakubali. Alichotaka ni kitu kimoja, aone kama naweza kupewa kazi ndogo nikaimaliza bila yeye kunisimamia. Akasema, "Gody, sikukuomba maajabu. Nilikuomba kucha sitini."

Nimekaa stoo mpaka wamefunga. Saa moja na nusu, ndiyo iliyokuwa kati yangu na ule msumari.

Jumanne, 22 Julai

Recho ataenda Bunda. Nimemkuta analia kwenye karo, maji yameachwa wazi ili tusisikie. Mama yake atabaki na jirani. Nilimwambia pole. Akasema alikuwaga ananiheshimu.

Alikuwaga.

Alasiri Recho aliingia kwa Dada Lukresia, wakaongea. Akatoka macho mekundu, akaniambia nimepewa nafasi ya mwisho. Chupa nyingine kumi na moja zinakuja kutoka Mwanza. Nitengeneze sampuli zangu upya, sitini tu, sitini na moja mpaka mia na ishirini. Kwa mashine. Ziwe mezani tarehe thelathini na moja saa sita mchana. Zikiwa za kawaida, naenda Bunda. Zisipokuwepo, anaenda yeye. Alilirudia neno kawaida mara tatu, ameunganisha viganja kama yuko kanisani.

Nimemwapia. Nimemwapia kwa jina la Prudence. Nimejifunza, na safari hii ni kweli.

Jumatano, 30 Julai

Saa nne asubuhi. Recho amenipangia kila kitu. Mashine iko mezani kwangu, chupa sitini zimepangwa nizifungue moja moja kwa zamu, kucha zimeshaandikwa namba kwa mwandiko wake. Wateja wangu wote anawachukua yeye. Amenifutia hata kiti.

Nimetengeneza tano za kwanza. Dakika saba. Zimetoka safi, nyororo, kila moja na rangi yake ile ile iliyo kwenye chupa.

Nimezitazama. Nzuri. Kawaida kabisa. Mtu yeyote angeweza kuzitengeneza.

Na hilo ndilo lililonifikirisha. Nikifika Bunda na ubao huu, watasema Gody amefika kwa sababu Recho alimshika mkono. Miaka sita, kisha ubao wa kawaida wenye mwandiko wa mtu mwingine! Nimewaza kwa utulivu, bila papara, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Halikuwa jua. Jua lilifanya kazi yake vizuri sana. Kosa lilikuwa upepo.

Na nimesikia kwamba pale Bukima kuna kikundi wamejenga kibanda cha nailoni cha kuanikia dagaa. Jua linaingia, upepo hauingii, gamba haliruki. Kucha sitini kwa mpigo mmoja! Nikitoka sasa hivi, kufika saa sita, kukausha saa nane, jioni nimerudi. Vifuniko nitavifunga safari hii. Karibu vyote. Na kama Mwalimu Naomi ameshaanza kwenda kule kwa wakwe zake, ataniombea nafasi, ana kichanja chake.

Nimemwambia Dada Lukresia kwamba Shangazi Eufrasia amezidiwa. Amesema haya.

Recho amesimama mlangoni, anaangalia kikapu changu begani. Bodaboda anapiga honi. Nimemwandikia Grace kwamba kesho kutwa nipo nyumbani moja kwa moja, koti asilitoe msumarini, na Prudence aache kile kiti ndani.